Damu ya kichanga "haijakomaa": ni kweli, au daktari alitaka tu kunituliza?

#1 Mama_Yasri
Habari zenu wana jukwaa. Naomba mnielimishe, hasa mlio kwenye fani ya afya na wazazi mliopitia.

Nilijifungua mtoto wa kiume wiki saba zilizopita, zahanati, usiku, uchungu ulinikuta ghafla. Siku ya tano kitovu kilikuwa hakijadondoka, kikaanza kuvuja damu. Nilidhani nimekivuta wakati wa kumbadilisha nepi. Nikaweka kitambaa safi, kikaloa. Nikaweka cha pili, nacho kikaloa. Jioni akapata choo cheusi kama lami, na mimi nilijua wazi ile lami ya kuzaliwa nayo iliisha tangu siku ya tatu. Hapo ndipo tulipokimbia hospitali.

Walimchoma sindano ya vitamini K pajani, kisha wakamtundikia plazma, yale majimaji ya damu ya kuongezewa. Kufika asubuhi damu imekata. Walimpima pia kipimo kinaitwa APTT, cha kuhesabu damu inachukua sekunde ngapi kuganda, karatasi imeandikwa sekunde 52, na pembeni "kawaida 25–35". Nilipouliza, daktari akaniambia: "Mama, usiogope, damu ya kichanga bado haijakomaa. Mrudishe akifika miezi sita tupime tena."

Tangu siku hiyo sina usingizi. Damu inakomaaje? Inaanza lini kuwa damu kamili? Na kingine, babu yake ameshapanga Yasri atahiriwe Ijumaa ya wiki ijayo, mualiko umeshatoka. Niwaambie nini?

#2 Dereva_wa_Fuso
Pole sana dada. Mwanangu wa pili naye alivuja kitovu. Bibi akapaka majivu ya kuni na mafuta ya nazi, ikakata siku hiyo hiyo. Siku hizi wazazi mnatishwa mno, zamani watoto walikuwa wanavuja na wanakua.

#3 Mkunga_Mstaafu
#2 mwanangu, zamani wengine walivuja na hawakukua, ila hao hawana wa kuwasimulia. Na majivu kwenye kitovu usiyaandike tena hapa, nimeona pepopunda ya vichanga kwa macho yangu na sitaki kuiona tena.

Mama Yasri, pole na hongera. Nimefanya kazi leba miaka 34. Swali langu la kwanza kwako: alipozaliwa, kabla hamjaruhusiwa, alichomwa sindano ya vitamini K? Angalia kadi yake.

Nakuuliza hivyo kwa sababu ini la mtoto linatengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati ya hizo, namba 2, 7, 9 na 10, haziwezi kufanya kazi bila vitamini K. Mtoto anazaliwa na akiba ndogo sana. Kondo la nyuma halimpitishii ya kutosha hata kama mama anakula mchicha kutwa mara tatu. Maziwa ya mama nayo yana kiasi kidogo mno. Wale bakteria wa utumbo ambao kwa mtu mzima wanasaidia kuitengeneza, kwake bado hawajahamia. Kwa hiyo siku za mwanzo akiba inazidi kushuka, na kipindi cha siku ya pili hadi ya saba ndicho wanachovujia wengi: kitovu, tumbo, puani, palipochomwa sindano. Siku ya tano, kitovu na choo cheusi! Ningekuwa zamu siku hiyo nisingehangaika kutafuta jingine.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mtoto apewe miligramu 1 ya kuchoma, baada ya ile saa ya kwanza ya kukaa kifuani kwa mama na kunyonya.

#4 Mama_Yasri
Ahsante sana shangazi. Nimeangalia kadi sasa hivi. Chanjo zimeandikwa. Pa vitamini K pako wazi, hapana tiki wala tarehe. Usiku ule nesi alikuwa peke yake na tulikuwa wawili tunasukuma kwa wakati mmoja. Simlaumu, lakini sikumbuki sindano ya paja.

#5 Kizibo_Bluu
Mimi ni mtu wa maabara. Naomba nizungumzie hiyo 52 kwanza, maana ndiyo iliyomnyima mama usingizi.

"Kawaida 25–35" ni ya watu wazima. Mashine nyingi zimewekewa kipimo cha mkubwa na inatoa karatasi hiyo hiyo kwa mzee wa miaka 80 na kwa mtoto wa siku tano. Mwaka 1987 daktari Maureen Andrew na wenzake kule Hamilton, Kanada, walipima watoto 118 wazima waliotimiza miezi. Waliwapima siku ya 1, ya 5, ya 30, ya 90 na ya 180. Siku ya 5 wastani wa APTT ulikuwa karibu sekunde 43, na watoto wazima kabisa walifika karibu 60. Kwa kipimo hicho, 52 ya Yasri imo ndani. Mwaka uliofuata wakatoa ya njiti, nao wako tofauti zaidi.

Ila wasiitumie namba ya Kanada kumhukumu mtoto wa Tanga moja kwa moja. Dawa ya kipimo na mashine vikibadilika, sekunde nazo zinabadilika. Inatakiwa kila maabara iwe na viwango vyake vya watoto kwa kila umri, na wengi hatuna.

La pili, damu ya kipimo hiki inawekwa kwenye chupa ya kizibo cha bluu yenye sitreti, sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Kichanga ana damu nzito, chembe nyekundu nyingi na majimaji kidogo, kwa hiyo dawa inakuwa imezidi. Chupa isipojaa hadi mstarini, hali inakuwa mbaya zaidi. Sekunde zinaongezeka na mtoto hana kosa.

Mama Yasri, kipimo cha PT, nacho cha muda wa damu kuganda, walifanya? Hicho ndicho kingetuambia habari za vitamini K.

#6 Mama_Yasri
#5 Hapana. Walisema dawa ya PT imeisha.

#7 Kizibo_Bluu
Dah. Nimeisoma hiyo sentensi mara mbili nikasikitika. Namba 7 ndiyo inayoishiwa mapema kuliko zote mtoto akikosa vitamini K, na PT ndiyo inayoigusa. Bila PT tunatafuta sindano kwenye mchanga.

#8 Kibokoni_Msa
Salamu kutoka Mombasa. Mimi si daktari, nauza vipuri. Kama watoto wote wanazaliwa na akiba ndogo ya vitamini K kama asemavyo mkunga, na sekunde zao ni nyingi kuliko za mkubwa kama asemavyo ndugu wa maabara, mbona hawavuji wote? Wangu watano hakuna aliyetoka hata tone. Hapo naona kuna kitu hakijasemwa.

#9 Ngamia_wa_Singida
Swali zuri #8, na ndilo lenye utamu wa mada yenyewe. Niko mwaka wa tano chuo cha tiba, walio juu yangu watanisahihisha.

Mwili una upande wa kugandisha na upande wa kuzuia isigande ovyo. Chukua mizani ya dukani. Mtu mzima ana kilo mbili huku na kilo mbili kule, mizani imekaa sawa. Kichanga ana kilo moja huku na kilo moja kule. Mizani bado imekaa sawa! Wanaopima upande mmoja tu wanasema "huyu ana upungufu."

Kweli namba 2, 7, 9 na 10 ziko kama nusu ya mkubwa, na 11 na 12 pia ziko chini. Lakini antithrombini inayozuia nayo iko kama asilimia 60, na protini C kama theluthi. Halafu kuna vitu ambavyo mtoto anazaliwa navyo kamili au vimezidi: fibrinojeni inayotengeneza donge lenyewe, namba 8, na ile protini ya von Willebrand inayonatisha chembe sahani kwenye kidonda, ambayo kwake ni ndefu na yenye nguvu kuliko yetu. Chembe sahani zenyewe idadi ni ile ile, 150,000 hadi 450,000, ila wiki za mwanzo ni nzito kuamka. Von Willebrand na ule wingi wa chembe nyekundu vinazisukuma. Ndiyo maana ukimchoma kichanga mzima kisiginoni anakata damu haraka, pengine kukuzidi wewe.

Kwa hiyo neno "haijakomaa" mimi silipendi. Limekaa kama mtoto katoka kiwandani kabla hajamaliziwa. Damu yake inamtosha yeye na umri wake. Tatizo linaanza kitu kimoja kikitolewa kwenye mizani yenye kilo moja moja: hana akiba ya kufidia.

#10 Kibokoni_Msa
#9 Shukran. Mizani nimeielewa. Ukimaliza chuo njoo Mombasa, huku tunapenda daktari anayejua bei ya kilo.

#11 Mwalimu_wa_Zamu
Naona wataalamu mmesahau jambo. Ibrahimu aliagizwa kumtahiri mtoto siku ya nane. Nimesoma mahali kuwa prothrombini ya mtoto, hiyo namba 2 yenu, inapanda siku ya nane hadi kufikia asilimia 110 kisha inashuka. Siku moja tu katika maisha yote. Basi wazee walijua kabla ya maabara. Kama Yasri angetahiriwa siku ya nane msingekuwa na mjadala huu.

#12 Kizibo_Bluu
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hiyo 110 sitaiacha ipite. Katika vipimo vya watoto hao 118, na wote walikuwa wamechomwa vitamini K, prothrombini ilizaliwa chini ya nusu, siku ya tano ikawa zaidi kidogo ya asilimia 60, ikapanda taratibu hadi karibu na ya mkubwa miezi sita. Hakuna siku iliyoruka juu halafu ikashuka.

#13 Mkunga_Mstaafu
Nami naongezea kwa mwalimu. Kwa mtoto aliyekosa sindano na ananyonya tu, siku ya nane ndiyo inafunguka hatari nyingine ya kuvuja, ile ya kuchelewa, inayoenda hadi miezi sita na kuwa kali zaidi kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili. Hiyo ni adimu kuliko ya kitovu lakini ndiyo inayotutoa machozi, kwa sababu karibu nusu yao huvujia kichwani. Mtoto alikuwa mzima jana, leo analegea, hataki ziwa, analia kwa sauti nyembamba, utosi umejaa. Nikisikia mtu anasema siku ya nane ni salama bila kuuliza kadi, naogopa.

#14 Mwalimu_wa_Zamu
Nimekubali kuhusu sindano. Ila wazee siwaondolei sifa yao. Marabi wa Kiyahudi, karne nyingi kabla ya maabara, walishaandika katika Talmudi kwamba mama akifiwa na watoto wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Waliona damu inafuata mama. Hilo nalo mtalikataa?

#15 Leiden_Mswahili
#14 hilo hatulikatai, na umenifungulia mlango. Mama Yasri, upande wako, kaka zako, wajomba zako, kuna mwanamume yeyote anayevuja isivyo kawaida? Nauliza wa upande wako, wa baba haitusaidii.

#16 Mama_Yasri
Mmenishtua. Kaka yangu wa kwanza aling'olewa jino akiwa darasa la sita, alitoka damu siku mbili, mto wote ulikuwa mwekundu. Tulisema fundi meno alikosea. Hajawahi kupimwa. Sasa hivi ana miaka 31, anacheza mpira, hana shida yoyote ninayoijua.

#17 Leiden_Mswahili
Basi himofilia isiondolewe mezani. Himofilia A ni upungufu wa namba 8, himofilia B ni wa namba 9. Zote zinapitia kwa mama na kuwaangukia wavulana.

Umri wa mtoto unaingia hapa hivi. Namba 8 inazaliwa kamili, kwa hiyo himofilia A unaweza kuipima hata kwa damu ya kitovu siku ya kuzaliwa, ikiwa chini iko chini kweli. Namba 9 inazaliwa nusu kwa kila mtoto, kwa hiyo himofilia B nyepesi huwezi kuitofautisha na uchanga mpaka miezi ipite. Pengine daktari alisema miezi sita kwa sababu hiyo, si kukutuliza.

Na kuna jambo linalobeba jina la mji ninaoishi. Kuna himofilia B iitwayo Leyden. Mvulana anazaliwa na namba 9 kidogo sana, utoto wake ni damu tupu, halafu akibalehe inaanza kupanda yenyewe mwaka hadi mwaka, anakuwa mtu mzima asiyevuja. Kasoro iko kwenye swichi ya jini, na homoni za kiume zinaiwasha kwa njia nyingine. Simaanishi kaka yako anayo, ni adimu. Namaanisha kwamba kucheza mpira akiwa na miaka 31 hakufuti mto mwekundu wa darasa la sita.

#18 Ngamia_wa_Singida
Hapa nitapingana kidogo na ndugu wa Leiden. Himofilia kwa kichanga huonekana zaidi palipochomwa sindano, kwenye tohara, au kichwani baada ya kuzaliwa kwa kuvutwa na chombo. Kitovu si mahali pake pa kawaida. Kitovu kinachovuja tunafundishwa tukumbuke namba 13, ile inayofunga donge kwa gundi ya mwisho. Wengi wasio na namba 13 dalili yao ya kwanza ni kitovu.

#19 Kizibo_Bluu
#18 sawa, lakini asiye na namba 13 APTT yake inatoka safi. Kipimo kinasimama donge likitokea, hakisubiri gundi. Kwa hiyo 52 haitokani na hiyo, na hata ingekuwa 30 bado isingeiondoa.

#20 Dereva_wa_Fuso
Kwa hiyo kuna kukosa sindano, kuna himofilia, kuna gundi ya 13, kuna chupa isiyojaa. Mimi nauliza kwa nia njema, na majivu yangu nimeyafuta. Ila shangazi mkunga, mama akitumia dawa fulani wakati wa ujauzito haiwezi kuharibu? Mke wa jirani yangu aliambiwa hivyo, anatumia dawa za kifafa.

#21 Mkunga_Mstaafu
#20 umeuliza swali la maana kuliko yote ya leo, na nimekusamehe majivu. Ndiyo. Dawa kadhaa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, na dawa za TB kama rifampisini, zinamaliza vitamini K ya mtoto tumboni. Dawa za kuzuia damu kuganda za aina ya wafarini ndiyo kabisa. Mama Yasri, ulikuwa kwenye dawa yoyote?

#22 Mama_Yasri
Nilikuwa kwenye dawa za TB. Nilimaliza dozi mwezi wa nane wa ujauzito. Hospitali hawakuniuliza na mimi sikufikiria kusema, nilijua yale yameisha.

#23 Ngamia_wa_Singida
Hiyo inabadilisha uzito. Ila watoto wa dawa huwa wanavuja mapema, ndani ya saa 24 za kwanza. Yasri alisubiri siku tano, na dawa zilishakatishwa wiki kadhaa kabla.

#24 Mkunga_Mstaafu
Mtoto hasomi kitabu, mwanangu. Alizaliwa na akiba ndogo kuliko ya wenzake kwa sababu ya dawa, sindano akaikosa, akanyonya maziwa ya mama tu, siku ya tano akaisha. Mimi naona vinashikana.

#25 Ngamia_wa_Singida
Inawezekana shangazi. Lakini kama ndivyo, na kaka mwenye mto mwekundu tunamweka wapi?

#26 Mzee_wa_Pangani
Vijana, nimewasoma toka mwanzo. Nina miaka 71. Mwaka jana mguu wa kushoto ulivimba, wakaniambia donge la damu kwenye mshipa wa ndani, nikawekwa kwenye dawa. Sasa nyie mnasema mtoto damu yake ni ngumu kugandika, na mimi yangu imegandika bila kidonda. Hiyo nayo ndiyo kukomaa?

#27 Ngamia_wa_Singida
Shikamoo mzee. Kuna ukweli mkubwa ndani ya swali lako. Mizani ile haitulii maisha yote. Nyingi ya protini za mtoto zinafikia kiwango cha mkubwa miezi sita, lakini nyingine zinachelewa: protini C inabaki chini mpaka kwenye ujana, na kuna kizuizi kiitwacho alfa-2 makroglobulini ambacho mtoto anacho kama mara mbili ya mkubwa, utoto mzima. Pengine ndiyo sababu mojawapo ya watoto kutopata madonge ovyo hata wakivunjika mfupa au wakifanyiwa upasuaji. Madonge ya watoto yana vilele viwili, vichanga na vijana wa balehe, na ya vichanga mengi yanatokana na mipira ya mishipani wakiwa wamelazwa.

Baada ya hapo fibrinojeni, namba 8 na von Willebrand zinapanda mwaka hadi mwaka mpaka uzee, vizuizi havipandi kwa kasi hiyo. Kwa watu wazima kwa jumla ni kama mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka anayepata donge la mshipa. Kwa watoto ni wachache mno, kwa wazee sana inakaribia 1 kati ya 100. Hata kipimo cha D-daima, kinachoonyesha mabaki ya donge, baada ya miaka 50 madaktari wengi wanazidisha umri mara kumi ndipo wapate kikomo. Kwa mzee wangu kikomo ni 710 badala ya 500.

#28 Kizibo_Bluu
Naongeza kidogo: kundi la damu nalo limo. Wa kundi O wana von Willebrand pungufu kwa kama robo. Mzee, wewe kundi gani?

#29 Mzee_wa_Pangani
A. Marehemu mke wangu alikuwa O, na ndiye aliyekuwa akijikata na kisu cha samaki kila siku. Mungu amrehemu.

#30 Rukia_wa_Mrima
Amin mzee. Jamani, naomba kuwakumbusha tohara siyo kisu pekee kinachomfikia kichanga. Huku kwetu mtoto akikohoa wiki mbili anapelekwa kukatwa kimeo. Wengine wanang'olewa "meno ya plastiki" kwa msumari wa baiskeli, mtoto wa miezi miwili! Binti wa shangazi yangu alimpeleka wake kwa mkata vimeo, damu ilitoka mpaka akaongezewa hospitali, chupa mbili. Baadaye kumbe alizaliwa nyumbani, hana sindano yoyote. Mama Yasri, Ijumaa wakikataza tohara asije mtu akakwambia basi mkate kimeo kwanza.

#31 Mama_Yasri
Hapana dada Rukia, kwangu hakikatwi kitu.

#32 Jicho_la_Tatu
Nimechelewa kuingia. Hiyo sindano ya vitamini K inaleta saratani ya damu, kuna utafiti wa Uingereza. Mimi wangu nilikataa.

#33 Kizibo_Bluu
#32 utafiti unaousema ulitoka mwaka 1992, Bristol, na ulizua hofu kweli, hata baadhi ya hospitali zikahamia kwenye matone ya mdomoni. Tafiti kubwa zaidi zikafuata katika nchi kadhaa, hazikuuona uhusiano huo. Sindano ikabaki. Mtoto wako ana umri gani?

#34 Jicho_la_Tatu
Wiki tano. Ananyonya tu.

#35 Mkunga_Mstaafu
Mwanangu, sigombani na wewe. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya, waambie hakuchomwa. Wiki tano yuko katikati ya kile kipindi nilichoandika #13. Tafadhali.

#36 Jicho_la_Tatu
Nimeisoma #13. Nitaenda.

#37 Mama_Yasri
Narudi na habari. Nimeongea na babu yake. Nilianza na mizani ya #9, akanisikiliza, kisha nikamsomea ya Talmudi ya mwalimu, hapo ndipo alipolainika. Amesema mualiko unageuzwa kuwa dua tu na chakula, tohara isubiri kipimo. Kaka yangu amekubali kwenda Muhimbili kwenye kliniki ya himofilia. Je, akitoka mzima, Yasri naye amesafishika?

#38 Leiden_Mswahili
Hongera kwa kumshawishi babu. Kwa bahati mbaya hapana. Kama mama yenu anabeba, kila mtoto ana nusu kwa nusu, kaka anaweza kuwa aliikwepa na wewe ukaichukua. Na kama theluthi ya wenye himofilia hawana ndugu yeyote anayevuja, jini limebadilika kwao wenyewe. Kaka akikutwa nayo tunajua mengi. Akitoka mzima tunajua kidogo. Yasri apimwe namba 8 na namba 9 zenyewe, na namba 8 haina haja ya kusubiri miezi sita.

#39 Kizibo_Bluu
Mama, jambo moja limenikaa kichwani. Damu ya kile kipimo ilitolewa kabla au baada ya sindano na plazma? Angalia karatasi kama ina saa.

#40 Mama_Yasri
Nimetafuta. Sindano imeandikwa saa nne na robo usiku. Plazma saa sita. Karatasi ya maabara, damu imepokelewa saa kumi na moja alfajiri.

#41 Kizibo_Bluu
Basi walipima damu iliyokwisha kutibiwa. Vitamini K ilikuwa na karibu saa saba za kufanya kazi, na plazma imemwongezea protini za mtu mwingine. Hiyo 52 inaweza kuwa uchanga wake wa kawaida, inaweza kuwa mabaki ya upungufu, inaweza kuwa namba 8 au 9 iliyofunikwa nusu. Mimi siwezi kuisomea upande wowote.

#42 Mkunga_Mstaafu
Mimi bado naishikilia kadi iliyo wazi.

#43 Ngamia_wa_Singida
Na mimi bado nauliza kuhusu mto mwekundu.

#44 Mama_Yasri
Yasri amelala hapa kifuani. Utosi umekaa sawa, nimeugusa. Jumatatu naenda kuwaomba wapime namba 8 na PT. Nimeuliza leo kwa simu, dawa ya PT imeletwa.